Kwanza Lisome Faili

Uko ufundi mmoja wa zama hizi ambao haujapata mshairi wala hautolewi cheti, nao ni ule wa kulifanya faili la video lililogoma kucheza likubali. Wengi huuchukulia kuwa ujanja mdogo wa vijana wa kompyuta: unatafuta kodeki, unaisakinisha, unaendelea na filamu yako. Mimi naudaia heshima zaidi, ila si kwa sababu inayotajwa kwa kawaida. Sifa ya fundi wa kazi hii haiko katika wingi wa kodeki alizorundika kwenye kompyuta yake. Iko katika kusoma: kujua ndani ya faili mna nini, kipi kati ya vilivyomo kimekataa, na kimekataa kwa nini, kabla mkono haujagusa kitu. Aliye hodari miongoni mwao ndiye anayesakinisha kidogo kuliko wenzake, na siku nyingine hasakinishi chochote.

Ili kuelewa kwa nini kusoma kunahitajika, tazama ukubwa wa kazi yenyewe. Picha moja ya video yenye nukta 1920 kwa 1080, ikihifadhiwa kama ilivyo kwa baiti tatu kila nukta, inazidi megabaiti 6. Zikipita picha 25 kila sekunde, sekunde moja inameza megabaiti 155, na filamu ya dakika 90 itadai gigabaiti 840 hivi. Faili la filamu hiyohiyo linalopitishwa mkono kwa mkono kwenye flashi lina gigabaiti 2, pengine hata 1. Kwa hiyo kilichomo mle si picha. Ni maelekezo ya kuziunda picha upya, yaliyobanwa zaidi ya mara 400. Kodeki ndiyo kanuni ya kubana na ya kukunjua. Mzizi wake mmoja mkubwa ni hesabu ya Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyefundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, Marekani, aliyoichapisha mwaka 1974 pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao: picha hugawanywa vipande vidogo, kila kipande kikaandikwa kama jumla ya mawimbi, kisha yale mawimbi membamba ambayo jicho haliyajali sana yakapunguzwa au yakatupwa. (Ahmed alipoomba fedha za kuitafiti hesabu hiyo alinyimwa, ilionekana rahisi mno.) Juu yake ukaongezwa werevu wa pili. Faili huhifadhi picha moja kamili kila baada ya muda, na kwa zile zinazofuata huandika tu kilichosogea na kilichobadilika. Kanuni inayotumika kukunjua isipokuwa ileile iliyotumika kubana, hayo yote ni namba zisizo na maana.

Anayeanza hupotezwa na jina la faili. Herufi za mwisho, AVI au MP4 au MKV, hutaja kontena tu, na kontena ni kama gunia: maandishi ya nje hayakuhakikishii kama ndani mna mchele au maharage. Mafaili mawili ya MKV yaliyolala katika folda moja yanaweza kuwa moja na picha ya H.264, kodeki ya mwaka 2003, na jingine na H.265 ya mwaka 2013, na TV ya sebuleni ikalipokea la kwanza na kulikataa la pili. AVI, kontena la Microsoft la mwaka 1992, liliandika humo ndani herufi nne za kuitambulisha kodeki, na historia ya herufi hizo ni somo zuri la ufundi ninaousifu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mfaransa Jérôme Rota aliichukua kodeki ya MPEG-4 ya Microsoft, iliyokuwa imefungiwa isiingie katika AVI, akaivunja kufuli, akaipa jina DivX na alama ya jicho linalokonyeza mwishoni. Filamu nzima ikaanza kutosha kwenye CD moja ya megabaiti 700. DivX ilipogeuka kuwa bidhaa ya kampuni, watu wa chanzo huria walianzisha Xvid mwaka 2001, jina lilelile likisomwa kinyume. Viwanda navyo vikatoa vicheza DVD vyenye nembo ya DivX, na baadhi ya vicheza hivyo vilikataa faili la Xvid kwa sababu tu ya zile herufi nne. Aliyelisoma faili alizibadilisha kutoka XVID kuwa DX50 na likacheza, bila picha hata moja kuguswa. Asiyelisoma alilibana upya usiku kucha, akaamka na filamu yenye ukungu.

Dalili zinafanana, sababu zimeachana mbali, na hapo ndipo ujuzi unapoonekana. Sauti ikisikika na kioo kikabaki cheusi, huenda kodeki ya picha haipo kabisa, au ipo katika toleo ambalo chipu ya kifaa haiwezi. Picha ikionekana bila sauti, lalamiko la kila siku kwenye simu na TV, mara nyingi sauti ni ya AC3 au DTS, na kikwazo si cha uhandisi hata kidogo: ni leseni ambayo mtengenezaji wa kifaa au wa programu hakuilipia. Picha ikikwamakwama huku sauti ikitangulia, kodeki ipo. Tatizo ni kwamba kichakataji kikuu kinabeba kazi ambayo ilipaswa kufanywa na sehemu maalumu ya chipu, na kuongeza kodeki nyingine hapo ni kumwongezea mchukuzi aliyechoka mzigo. TV iliyocheza H.264 jana ikiikataa H.264 leo, hakuna uchawi: pengine ya leo imebanwa kwa biti 10 za rangi badala ya 8, na TV haikuundwa kwa hizo. Lipo pia faili ambalo kodeki zote za dunia hazitalifungua. MP4 hutegemea faharasa inayoonyesha kila picha imeanzia wapi, na kamera nyingi huiandika mwisho, baada ya kurekodi kusimamishwa. Betri ikizimika katikati ya harusi, gigabaiti zote zimo, faharasa haimo. Tumaini lililobaki ni kuchukua faili zima lililorekodiwa na kamera ileile kwa mpangilio uleule, ili programu ya ukarabati ijifunze muundo wake na kuijenga faharasa upya. Anayekimbilia intaneti kutafuta kodeki kwa faili la namna hiyo atatafuta hadi kuche. Programu ya bure kama MediaInfo ingemwonyesha kwa sekunde chache kwamba sehemu hiyo haipo.

Watakuwepo wa kusema kwamba haya yote yalitatuliwa zamani na vifurushi vya kodeki: sakinisha kifurushi kimoja chenye kila kitu, umemaliza. Vifurushi hivyo vilisaidia wengi, sikatai, na vichache vilitengenezwa kwa uangalifu. Lakini Windows ya enzi hizo ilichagua nani akunjue video kwa kutazama alama za ustahili, na alama hizo kila kodeki ilijiandikisha nazo yenyewe. Zikirundikwa tano zenye kujisifu sawasawa, faili lililokuwa likicheza vizuri linagoma kwa sababu ya kodeki isiyohusiana nalo. Kuna ubaya zaidi. Tangu mwishoni mwa mwaka 2005 programu haribifu iliyoitwa Zlob ilisambaa kwa kujifanya kodeki: unafungua video, unaambiwa inahitaji kodeki, unabonyeza, umejiletea mwizi ndani. Mtego huo ulifanya kazi kwa sababu ulimjua vizuri mtu wake, yaani mtu aliyekwisha kuzoea kwamba jibu la kila ukaidi wa faili ni kusakinisha kitu.

Pingamizi zito zaidi ni VLC. Ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, ikaachiwa kwa leseni huria mwaka 2001, na inabeba kodeki zake tumboni, nyingi zikitoka kwenye FFmpeg, mradi ulioanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000. Kwa mtu mwenye kompyuta, nakubali, sehemu kubwa ya usumbufu iliondoka siku alipoipata. Ila tazama iliondokaje. Kodeki kadhaa za makampuni hazikuwa na maelezo ya wazi, na waandishi wa FFmpeg walizichambua baiti kwa baiti hadi wakajua kila namba inafanya nini. Huo ni usomaji uleule, umefanywa na wachache kwa niaba ya mamilioni. Halafu si kila kioo kina VLC. TV inayopachikwa flashi ina chipu yake na mipaka yake, na simu ya bei nafuu vilevile. Wala mambo hayajatulia: wenye hataza za H.265 waligawanyika makundi ya kukusanya ada, na hofu ya ada hizo ni sababu mojawapo ya makampuni makubwa kuungana mwaka 2015 na kutoa AV1, isiyodai ada, mwaka 2018. Vifaa vya kabla ya hapo havina sehemu ya chipu ya kuikunjua. Wanaosema utazamaji wa moja kwa moja mtandaoni umeufuta ufundi huu wanasahau kwamba kule nako kuna mtu aliyeandaa video moja kwa kodeki kadhaa, ili kila kifaa kipewe kodeki kinayoiweza. Kazi imehamishwa, haikufutwa. Na anayeishi kwa vifurushi vya data bado hupakua mara moja na kugawana kwa flashi.

Kwamba ufundi huu umetumiwa sana na wanaonakili filamu za watu bila ruhusa ni kweli, na sina haja ya kuwatetea. Lakini katika miji yetu fundi huyohuyo ndiye anayeletewa video ya harusi iliyokatika, mawaidha yaliyorekodiwa kwa simu ya zamani, hotuba ya mazishi ya mzee iliyokuja katika muundo ambao hakuna kifaa nyumbani kinachoujua. Hayo hayana nakala nyingine popote.

Mafaili ya namna hiyo ndiyo yanayopambanua fundi na fundi. Chukua MKV ambayo TV ya mteja inaikataa. Yupo atakayeibana yote upya: saa kadhaa za mashine kuunguruma, na hasara juu ya hasara, maana kodeki hizi hubana kwa kutupa, na kilichotupwa mara ya kwanza kinafuatwa na kingine mara ya pili. Mwingine ataisoma, aone kwamba picha ni H.264 ambayo TV inaiweza, sauti ndiyo DTS. Ataihamisha picha kama ilivyo hadi kontena la MP4, aibadili sauti peke yake iwe AAC, na faili la mwanzo aliache mahali pake. Ni kazi ya dakika chache. Mteja, kwa bahati mbaya, hupima malipo kwa muda alioona mtu akihangaika, na huyu wa pili akitaja bei ileile ya wa kwanza ataambiwa amezidisha.