Jino la Mwanajiolojia

Mwanajiolojia akikutana na jiwe la tope, huenda akamega kipande na kukitafuna kidogo. Si njaa. Kikikwaruza meno, kina chembe ambazo jicho limeshindwa kuziona. Kikiteleza kama siagi, ni mfinyanzi mtupu. Rangi haiulizi kwanza, maana rangi hudanganya: chuma kidogo tu hupaka wekundu jiwe la aina yoyote.

Anachotafuta ni nguvu ya maji. Mto wenye kasi hubeba kokoto. Ukipungua huziacha, kisha huacha mchanga, na tope husafiri mpaka maji yatulie. Chembe zenye kingo kali hazijatoka mbali. Zilizoviringika zimegongana safari ndefu. Mashapo hayo hufukiwa na mengine, uzito huyakamua maji, na chokaa au silika iliyoyeyuka hupenya na kuyagandisha. Kwetu Pwani kuna njia nyingine: viumbe wa baharini hujenga mwamba wenyewe. Jiwe la matumbawe, lile lililojenga Kilwa Kisiwani, ukilidondoshea asidi hutoa povu papo hapo. Jiwe la mchanga mtupu hukaa kimya.

Kwangu mimi, ufundi huu ulifika kileleni katika Bonde la Olduvai. Mjerumani Hans Reck aliyapa matabaka ya bonde hilo namba mwaka 1913. Baadaye Mmarekani Richard Hay aliyafuatilia kwa miaka, tabaka kwa tabaka, na mwaka 1976 akatoa kitabu kizima juu yake. Kutokana na mfinyanzi na madini ya chumvi alisoma ziwa la magadi lililopanuka na kusinyaa. Kutokana na changarawe alisoma vijito vilivyoliendea. Katikati yamelala majivu ya volkano, nayo ndiyo yaliyopimwa yakatoa umri wa takriban miaka milioni 1.75 kwa fuvu la zamadamu ambalo mwanaakiolojia Mary Leakey aliliona humo mwaka 1959. Sifa zilikwenda kwa fuvu, kama kawaida ya dunia. Lakini fuvu lisilojulikana lilitoka tabaka gani ni mfupa tu, halina tarehe wala jirani.

Basi ukipita njia ya Ngorongoro kwenda Serengeti, ukasimama ukingoni mwa bonde, usiulizie fuvu peke yake. Mwombe mwongozaji akuonyeshe tabaka la tatu, lile jekundu, kisha umuulize maji yalipita wapi.