Pointi za Akiba Katika EVE Online: Nunua Muda, Usinunue Ngazi ya Tano

Katika EVE Online, gemu la anga za juu lililotengenezwa na kampuni ya CCP ya Iceland na kufunguliwa mwaka 2003, mchezaji hapandi kwa kuhesabu maadui aliowaangusha. Mhusika wake hujifunza kwa saa ya ukutani. Mchezaji akilala, akienda kazini, au bando likikata katikati ya usiku, stadi iliyo kwenye foleni ya mafunzo inaendelea kupanda kama kawaida. Kwa sababu hiyo pointi za ustadi zisizogawiwa ni mali ya aina yake: hizi hazisubiri saa, mchezaji huziweka kwenye stadi aitakayo na matokeo huonekana papo hapo. Anayejiunga kwa kiungo cha mwaliko cha mchezaji mwingine hupewa pointi milioni 1 za namna hiyo, na mgeni hushawishika kuzitumia zote siku ya kwanza, mara nyingi kwa kuisukuma stadi moja au mbili hadi mwisho. Hapo ndipo anapokosea. Pointi ya akiba ni dakika iliyolipwa kabla, na thamani yake hupimwa kwa kungoja kunakoondolewa, si kwa ukubwa wa namba inayosomeka kwenye ukurasa wa mhusika.

Tuanze na bei. Kila stadi ina ngazi 5, na kila stadi ina kizidishi kinachoonyesha ugumu wake. Stadi nyepesi kabisa, yenye kizidishi cha 1, hudai pointi 250 kufika ngazi ya kwanza, 1,415 kufika ya pili, 8,000 ya tatu, 45,255 ya nne na 256,000 ya tano. Hizo ni jumla tangu sifuri, na kila jumla ni takribani mara 5.7 ya ile iliyotangulia. Lakini faida haipandi hivyo. Stadi nyingi hutoa nyongeza ileile kwa kila ngazi, mara nyingi asilimia 5. Kwa maneno mengine, ngazi ya tatu inampa mchezaji tatu ya tano za faida yote kwa asilimia 3 tu ya bei yote. Ngazi ya nne inampa nne ya tano kwa chini ya asilimia 18. Sehemu ya mwisho iliyobaki, ile ya tano, inameza pointi 210,745 peke yake. Ukigawa ile milioni 1 kwa hesabu hiyo, utapata stadi 3 zilizofika ngazi ya tano na chenji isiyotosha ya nne, au stadi 22 za ngazi ya nne, au stadi 125 za ngazi ya tatu. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mgeni wa EVE ni mistari hii mitano ya bei.

Hesabu hiyo inakuwa kali zaidi stadi zinapozidishana. Nguvu ya silaha za meli haitokani na stadi moja. Kuna inayoongeza uharibifu, inayoharakisha ufyatuaji, na inayoipa faida aina ya meli yenyewe. Chukua mfano wa stadi 5 zenye kizidishi cha 1, kila moja ikitoa asilimia 5 kwa ngazi na zote zikizidishana. Kuzipandisha kutoka sifuri hadi ngazi ya nne kunagharimu pointi 226,275, na nguvu inafika karibu mara 2.5 ya ile ya mwanzo. Kuzitoa ngazi ya nne hadi ya tano kunagharimu zaidi ya pointi milioni 1, na nguvu inaongezeka kwa asilimia 23 hivi. Fungu la kwanza linambadilisha mtu asiyeweza kitu kuwa mpiganaji. Fungu la pili, lenye bei mara nne na ushee, linamnoa mtu ambaye tayari ni mpiganaji. Mgeni bado hajafika huko kwenye kunolewa.

Kuna kundi la stadi ambalo faida yake haionekani kwenye asilimia bali kwenye mlango unaofunguka au kubaki umefungwa. Wachezaji wamezoea kuhesabu stadi 14 za msingi zinazomfaa kila rubani, awe na meli gani: za kompyuta na nishati ya meli, za kapasita, za ngao na mwili wa meli, za shabaha, za mwendo na wepesi wa kugeuka. Mbili kati yake, CPU Management na Power Grid Management, ndizo zinazoamua ni vifaa vingapi meli inaweza kubeba. Tuseme frigeti, yaani meli ndogo ya kivita, ina nishati ya megawati 40, na silaha, injini na ngao ambazo rubani anataka kuzifunga zinahitaji 47 kwa jumla. Kila ngazi ya stadi ya nishati huongeza asilimia 5 ya ile 40. Kwenye ngazi ya tatu anayo 46, na kifaa cha mwisho kinakataa kuwaka. Kwenye ngazi ya nne anayo 48, na meli nzima inafanya kazi. Kwenye ngazi ya tano anayo 50, na megawati mbili zaidi zinakaa bila kazi. Pointi 37,255 kati ya ngazi ya tatu na ya nne ndizo zilizoifanya meli kuwa meli. Zile 210,745 zilizofuata hazikuongeza bunduki hata moja. Fungu jingine la vifaa lingeweza kudai 49, na hapo jibu lingekuwa tofauti. Hilo linathibitisha hoja: mgeni hawezi kujua mlango uko ngazi ya ngapi kabla hajajua meli anayotaka kuiendesha.

Kanuni isigeuke kuwa ushirikina dhidi ya ngazi ya tano. Stadi iitwayo Drones humruhusu rubani kuongoza droni moja zaidi kwa kila ngazi, hadi tano. Anayetoka droni 4 kwenda 5 anaongeza asilimia 25 ya nguvu za droni zake kwa pointi zilezile 210,745, ilhali stadi ya asilimia 5 kwa ngazi, ikitoka ya nne kwenda ya tano, inaongeza kidogo zaidi ya asilimia 4 juu ya alichonacho. Kwa bei moja, faida ni mara sita. Kwa rubani wa Tristan, frigeti ya Wagallente, moja ya mataifa ya gemu hili, yenye uwezo wa kuongoza droni nyepesi 5 kwa wakati mmoja, hayo ni matumizi halali ya akiba. Kwa rubani ambaye meli yake haina nafasi ya droni hata moja, ni pointi zilizotupwa baharini. Kwa hiyo kipimo ni faida ya ngazi inayofuata ikigawanywa kwa kile ambacho meli yako inacho sasa. Namba ya ngazi yenyewe haina maana.

Pingamizi la kwanza na lenye uzito ni kwamba ngazi ya tano ndiyo ufunguo wa meli na silaha za daraja la pili la teknolojia, zile ambazo wakongwe wengi wanazitumia. Ni kweli. Anayetaka kurusha meli za kunasa ziitwazo interseptori lazima afikishe stadi ya frigeti ya taifa husika ngazi ya tano. Stadi hiyo ina kizidishi cha 2, kwa hiyo ni pointi 512,000, zaidi ya nusu ya milioni yake. Lakini hapa ndipo saa ya ukutani inapomfaa mgeni. Kila stadi hutegemea sifa mbili za mhusika, na kasi ya mafunzo kwa dakika ni sifa kuu pamoja na nusu ya sifa ya pili. Sifa zote mbili zikiwa 20, akaunti ya kulipia hupata pointi 30 kwa dakika, yaani 1,800 kwa saa. Kutoka ngazi ya nne hadi ya tano ya stadi ya frigeti kutachukua siku 9 na saa 18 hivi, na hazihitaji mchezaji afanye lolote. Siku hizo atakuwa anajifunza njia, kupoteza meli za bei nafuu na kujua kama interseptori inamfaa kweli. Kazi ndefu isiyo na haraka ni ya foleni. Kazi fupi inayokwamisha jioni ya leo ni ya akiba. Kwenye akaunti ya bure, ambayo hujifunza kwa nusu ya kasi, kila pointi ya akiba inaokoa dakika mara mbili, na sababu ya kutoifuja ni kubwa mara mbili pia.

Kasi hiyo ina somo jingine ambalo wengi hulipita. Mchezaji anaruhusiwa kupanga upya sifa za mhusika, akiipandisha moja hadi 27 na nyingine hadi 21 huku zilizobaki zikishuka hadi 17. Stadi inayotegemea jozi ya kwanza itapata pointi 37.5 kwa dakika. Inayotegemea mbili za 17 itapata 25.5. Stadi ya kizidishi cha 1 ikipelekwa ngazi ya nne, foleni itahitaji saa 20 kwa jozi ya kwanza na karibu saa 30 kwa ya pili. Pointi za akiba, tofauti na foleni, hazijali sifa hizo kabisa: 45,255 ni 45,255 popote zinapowekwa. Akiba iende kule foleni inakochechemea, foleni iachiwe njia iliyonyooka.

Pingamizi la pili linasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako: pointi zinazolala hazimsaidii mtu, na faida iliyoahirishwa ni faida iliyopotea. Ningekubali kama pointi hizo zingechakaa, au kama kosa lingeweza kufutwa. Hazichakai: meli ikilipuliwa, akiba inabaki ilivyo. Kosa nalo halifutiki kirahisi. Kifaa cha kuchopoa pointi kutoka kwenye stadi hakifanyi kazi kwa mhusika mwenye chini ya pointi milioni 5.5, kwa hiyo mgeni aliyeweka nusu milioni kwenye stadi ya silaha asiyoitumia amefunga ndoa nayo. Kinachopotea kwa kusubiri ni siku chache za faida ndogo. Kinachopotea kwa kukosea ni wiki.

Pingamizi la tatu ni la kukata tamaa: mkongwe aliyeanza zamani ana mamia ya mamilioni ya pointi, kwa hiyo mgawanyo wa milioni 1 haubadilishi kitu. Hoja hii inasahau kwamba kila stadi huishia ngazi ya tano, na rubani anakaa kwenye meli moja kwa wakati. Mamilioni ya mkongwe yamempa aina nyingi za meli. Hayakumwezesha kuziendesha mbili kwa viti viwili. Ndani ya frigeti, pengo kati yake na mgeni mwenye stadi husika kwenye ngazi ya nne ni ile asilimia 23 ya mfano wetu, pengo ambalo idadi ya wenzako na uchaguzi wa pambano huliziba. Pengo kati yake na mgeni aliyefikisha stadi moja ngazi ya tano na kuacha nyingine sifuri halizibiki.

Basi milioni hiyo igawiwe hivi. Stadi 14 za msingi zifike ngazi ya tatu, kazi isiyofika pointi 200,000. Zile mbili za kompyuta na nishati ziongezwe hadi ya nne kwa 74,510. Mgeni akishachagua meli, stadi ya frigeti ifike ngazi ya nne kwa 90,510 na ya silaha yake kwa 45,255. Jumla haizidi 410,000 hivi. Anayerusha droni tano aongeze 256,000, asiyezirusha asiziguse. Zilizosalia, zikiwa angalau 330,000 au 590,000 hivi, zikae hadi siku kifaa kitakapokataa kuwaka, kwa sababu siku hiyo skrini yenyewe itaonyesha kinachokosekana.