Nani Alichoma Chokaa ya Kilwa? Uhakiki wa Ripoti za Wanafunzi Kuhusu Mambo ya Kale

Mbele yetu tunazo ripoti kumi na nne zilizoandikwa na wanafunzi wa chuo kimoja baada ya ziara ya siku mbili Kilwa Kisiwani. Tumezisoma zote, na tunasikitika kusema kwamba kwa hakika tumesoma ripoti moja mara kumi na nne. Kila mmoja anaanza na mwana wa mfalme wa Shirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kukizungushia. Kisha anaingia Husuni Kubwa, anastaajabia birika lake la pembe nane, anataja Wareno wa mwaka 1505, anataja UNESCO na mwaka 1981, anasema magofu yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kuondolewa humo mwaka 2014, anamshukuru mwongoza wageni, anapanda mashua kurudi Kilwa Masoko.

Mambo hayo kwa sehemu kubwa ni kweli. Hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni kwamba hayakutafutwa na mwanafunzi hata mmoja. Yalisomwa kibaoni, yakanakiliwa daftarini, yakarudishwa kwa mwalimu, naye akayatia alama ya vyema. Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilitutaka tujenge akili yenye kuhoji. Mtaala wa mwaka 2023 nao umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili kwa vijana wetu wa sekondari. Lakini somo hata liwe zuri namna gani, likifundishwa kwa kibao na nakala litazaa kasumba ile ile, ila mara hii imevaa sare ya taifa.

Tuchukue hiyo hadithi ya Shirazi. Mwanafunzi anayefanya utafiti angeuliza kwanza: nani anasema hivyo, na lini? Habari hizo zimo katika tarehe ya wafalme wa Kilwa, iliyotungwa karne ya 16 na kutufikia kwa njia mbili, nakala ya Kiarabu na muhtasari wa Mreno João de Barros uliochapishwa mwaka 1552. Maana yake ni kwamba iliandikwa miaka mia kadhaa baada ya mambo inayoyasimulia, na iliandikwa upande wa ikulu. Utawala unaotafuta uhalali hutafuta nasaba. Hilo si la Kilwa peke yake, wala hatuhitaji kwenda mbali kuliona. Basi swali la pili: ardhi yenyewe inasemaje? Mtaalamu wa Kiingereza Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alielekeza macho yake zaidi kwa wafanyabiashara na watawala waliotoka ng'ambo. Hata hivyo mashimo yake mwenyewe yalionyesha kwamba watu walikaa kisiwani katika nyumba za miti na udongo tangu karne ya 9 hivi, kabla ya huo ukoo wa Shirazi, na kwamba vigae vilivyo vingi kupita vyote ni vya vyungu vilivyofinyangwa huku huku, si vya sahani za Uchina na Uajemi. Wageni hupigia picha sahani ya Uchina, na chungu kilichopikiwa chakula cha mji mzima hakitajwi katika ripoti hata moja kati ya kumi na nne.

Hapa makada wengine watafurahi, wakidhani tunaelekea pale wanapopapenda: kwamba wageni hawakuleta kitu, na kwamba habari ya Shirazi ni uzushi wa mabeberu. Tunawaomba wasubiri kidogo. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya mabaki ya watu 80 waliozikwa pwani ya Kenya na Tanzania na jirani zake, wengi wao wakiwa wa kati ya miaka ya 1250 na 1800. Ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao Afrika, hasa upande wa akina mama. Sehemu kubwa ya iliyobaki, hasa upande wa akina baba, ilitoka Uajemi, na kuchanganyika huko kulianza kama mwaka 1000. Kwa hiyo tarehe ile ya ikulu haikuwa tupu kabisa. Iliwataja akina baba na kuwasahau akina mama. Mwanachama aliyeahidi kusema kweli daima hana ruhusa ya kuchagua nusu ya kweli inayomfaa jukwaani.

Wala tusiwafiche wanafunzi tabia ya hao watawala. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kumsifu sana Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu wake. Msafiri huyo huyo anaeleza kwamba sultani alikuwa akiishambulia mara kwa mara nchi ya Wazanji na kuteka ngawira. Ripoti sita zinaunakili ukarimu, na ngawira hakuna aliyeiona. Birika la pembe nane lilijengwa kwa mali iliyotoka mahali: dhahabu iliyopita Sofala kutoka nyanda za Zimbabwe, na jasho la watu ambao majina yao hayamo katika tarehe yoyote.

Jasho hilo laweza kutafitiwa, na bila sululu. Tangu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusiwi kuchimba bila kibali, na ni vizuri hivyo, maana kigae kikishatolewa mahali pake hupoteza nusu ya ushahidi wake. Lakini hakuna sheria inayokataza kupima chumba. Vyumba vingi vya mawe vya pwani ni virefu na vyembamba, upana wake hauzidi mita 3 hivi, kwa kuwa dari lilibebwa na boriti za mikoko na boriti haina urefu zaidi ya huo. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo. Kijana aulize: ukuta huu ulikula chokaa kiasi gani, na kuni zake zilikatwa wapi? Nani alipiga mbizi kuchonga matumbawe laini ya mihrabu yakiwa bado mabichi? Wakata mikoko na wachoma chokaa wanaojua kazi hiyo hawajaisha pwani yetu, ila ziara haikupangwa kuwafikia.

Atakayesema kwamba njia hii inafaa tu penye majumba ya mawe, tunampeleka Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mkoani Arusha. Huko hakuna tarehe ya ikulu wala jina la mfalme. Kuna mashamba yaliyozungushiwa mawe, kama hekta 2,000, na mifereji iliyoyanywesha kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18. Mwaka 1935 Louis Leakey alikadiria kwamba paliishi watu zaidi ya 30,000. Watafiti waliomfuata walipima upya, wakaona ni wachache mno kuliko hao. Walipima mfereji kwa mfereji, wakalinganisha na kilimo cha umwagiliaji ambacho Wasonjo wanakiendesha hadi leo. Wakulima wale hawakuacha hata mstari mmoja wa maandishi, lakini tunajua kuhusu kazi yao mambo ambayo hatuyajui kuhusu waashi wa sultani.

Turudi kwenye zile ripoti. Katika ya tisa mna sentensi moja isiyofanana na nyingine. Mwanafunzi anaandika kwamba mvuvi mmoja mzee, aliyewavusha, aliwaambia vyumba vya Husuni ni vyembamba kwa sababu ya boriti. Mwalimu ameikata sentensi hiyo kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: haihusiki. Tumeirudisha ripoti kwa mwalimu huyo, tukaomba sentensi irejeshwe, na kijana apewe futi kamba na nauli ya mashua.