Maji ya Jiwe na Maji ya Mfereji

Fontaine des Innocents, chemchemi kongwe ya katikati ya Paris, ilirudi kutiririka mwaka 2024 baada ya ukarabati mkubwa. Mgeni hutazama kwanza maji yanayoporomoka ngazi kwa ngazi chini ya matao. Lakini apandishe macho, kwani maji yaliyofanyiwa ufundi zaidi hapa ni yale yaliyochongwa.

Mchongaji ni Jean Goujon. Alifanya kazi hiyo pamoja na msanifu majengo Pierre Lescot kwa ajili ya mapokezi ya Mfalme Henri II jijini, mwaka 1549. Zama hizo maji ya mtaani Paris yalikuwa haba, na Goujon akaufidia uhaba huo kwa patasi. Chagua mmoja tu wa mabinti wake wa maji. Amebanwa katika kipande chembamba cha jiwe kati ya nguzo bapa mbili, hana pa kunyooshea mkono. Basi mwili unajipinda: nyonga huku, bega kule, mtungi umeinamishwa. Vazi limemganda kama kanga ya mtu aliyetoka kuoga baharini, na mikunjo yake inashuka sambamba na maji hadi jicho linashindwa kuitenga nguo na mkondo. Nguzo nazo zina michirizi, ila yake imenyooka wima. Ukakamavu wake ndio unaoifanya mikunjo ya nguo ionekane inatembea.

Umbo la leo si lile la awali. Chemchemi iliegemezwa kwenye kona ya kanisa, pembeni mwa makaburi ya Innocents: matao mawili upande wa mtaa mmoja, tao moja upande wa mtaa wa pili. Matao mawili yaliyopangana yalihitaji mabinti watatu, na lile moja wawili, jumla watano. Makaburi yalipofungwa na kanisa kubomolewa, mnamo 1788 chemchemi ilihamishiwa katikati ya soko ikawa mraba. Mraba wa matao manne unahitaji mabinti wanane, hivyo Augustin Pajou akachonga watatu wa kujazia. Pajou aliiga kwa adabu, na hilo ndilo tatizo. Kwake mikunjo ni mizuri, lakini inabaki kuwa nguo. Haigeuki maji.

Kisha maji yenyewe yakaja. Mwaka 1802 Napoleon aliamuru uchimbwe Mfereji wa Ourcq, wa takriban kilomita 100, chini ya mhandisi Pierre-Simon Girard. Mwishoni mwa 1808 maji yalifika bwawa la La Villette, na kutoka hapo yakateremkia chemchemi za jiji. Innocents, iliyoumbwa kwa ajili ya maji machache, ikapata maji tele, na wingi huo ukawa adui wa jiwe. Michongo mitatu ya chini, yenye mabinti waliojilaza pamoja na viumbe wa baharini, ikabidi ing'olewe isiliwe na maji; leo imo Louvre. Maji halisi yaliyafukuza maji ya sanaa.

Mnamo 1860 Gabriel Davioud aliisogeza tena chemchemi na kuipandisha juu ya ngazi za mabeseni. Wapo wanaomlaumu, na wana haki: Goujon alichonga kwa jicho lililo karibu, na ngazi zinamweka mtazamaji mbali na mikunjo ile myembamba. Hata hivyo Davioud alisuluhisha ugomvi ulioletwa na mfereji. Maji yake hutoka kwenye uwazi wa tao na kushukia mabeseni, yakiwaacha mabinti kavu ubavuni. Ndiyo maana ukarabati uliofanya mambo mawili kwa pamoja, kusafisha michongo na kurudisha maporomoko, umeielewa kazi hii. Ngazi zikiwa kavu, chemchemi inabaki mnara tu uliopandishwa bila sababu. Zikitiririka, kimo chake kinapata maana.