Ndoo ya Meadowlark Lemon

Mara ya kwanza kuona video ya ndoo nilicheka. Meadowlark Lemon, wa Harlem Globetrotters, anawamwagia watazamaji ndoo ya maji. Wanajikunyata, kumbe ni vipande vya karatasi. Mara ya pili niliona haya: Mweusi anawachekesha Wazungu, Marekani ileile ya ubaguzi. Hata enzi zile wapo waliowalaumu Globetrotters kwa hilo, na sidhani walikosea kabisa.

Siku hizi natazama mkono wake. Alizaliwa 1932, akakulia Wilmington, North Carolina. Kikapu chake cha kwanza kilikuwa gunia la vitunguu na waya wa kutundikia nguo. Mpira, kopo tupu la maziwa. Baadaye alirusha kwa mkono mmoja kutoka katikati ya uwanja, ubavu ukielekea kikapu, na mpira ukaingia. Hapo hakuna mzaha. Mwaka 2003 akaingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Naismith, naye hakuwahi kucheza hata mechi moja ya NBA.

Je, watu wangelipa kiingilio waone mkono ule tu, bila ndoo? Mimi mwenyewe nikifungua video, bado naisubiri ndoo.