Mwalimu, Paulo na karani wangu wa Wete

Tenzi za Mwalimu Nyerere nilizikuta Chake kwa jamaa mmoja, zimefungwa kamba pamoja na madaftari ya mahudhurio ya shule. Vitabu vitano: Enjili nne na Matendo ya Mitume, vya mwaka 1996, vya wachapaji wa Ndanda-Peramiho. Vumbi tupu. Nikaviazima. Nakiri nilianza kwa kucheka, maana jalada linasema "kadiri ya utongozi wa Mathayo", na kijana wa mjini akisoma neno hilo anafikiria mengine kabisa. Lakini utongozi huu ni wa kutongoa, kusimulia kwa ufasaha, Kiswahili cha wazee. Wa kuchekwa nilikuwa mimi.

Sasa tuje kwenye fani. Sisi wa Pemba sikio letu ni gumu kuridhika. Kisiwa kilichozaa Kamange na Sarahani hakidanganyiki kwa vina vya kuunga unga. Kwa maoni yangu, Enjili ya Mathayo imembana mtunzi. Yale mahubiri ya mlimani yanataka pumzi ndefu, na utenzi wa mizani minane kwa kipande unayakatakata kama muhogo. Matendo ya Mitume ndiyo yaliyomkubali. Humo mna safari, jela, mabaraza ya watawala, chombo kinavunjika baharini. Utenzi umezoea mambo hayo tangu Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728. Na msomaji akumbuke huo Tambuka unamhusu nani: Herakli, Kaizari wa Rumi, Mkristo aliyekaa kitini na majeshi yake. Katika Matendo Mkristo ni mfungwa, na Kaizari ni mtu mwingine. Bahari ni ile ile, aliyehama ni Mkristo.

Hapo ndipo kitabu kiliponishika shati.

Maana mtunzi mwenyewe yuko wapi kati ya hao wawili? Mtu huyu aliitwa Julius, na mwaka 1963 akamtafsiri Kaizari wa Shakespeare, kisha akairekebisha tafsiri hiyo mwaka 1969 na kuiita Juliasi Kaizari. Aliiongoza nchi mpaka 1985. Alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa, na baada ya kufa kwake mwaka 1999 Kanisa lake lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Lakini ukilitaja jina lake kwenye barza ya Wete, wazee wengi hawaanzi na misa. Wanaanza na Aprili 1964 na Muungano. Kwao yeye ni Kaizari aliyeandika habari za Paulo. Mimi ni Mkristo niliyekulia hapa, sikubaliani na kila wanachosema, ila siwezi kujifanya sijasikia.

Na mimi nina shida yangu. Naandika riwaya. Mhusika wangu ni karani wa serikali kutoka Bara, Mkristo, kapangiwa kazi Wete. Tarehe 27 Januari 2001 risasi zinalia mjini, watu wameandamana kuyapinga matokeo ya uchaguzi wa 2000. Siku zile mbili, Unguja na Pemba, waliuawa zaidi ya watu 30, na wengine kama 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Katika rasimu yangu ya kwanza karani anafunga mlango, anapiga magoti, anasali mpaka jioni. Nilidhani nimeandika sura nzuri. Nikampa rafiki yangu aisome, Mwislamu, tumesoma naye mpaka kidato cha nne. Akanirudishia, akaniuliza, "Ndugu yangu, kwani huyu ndiye mtu wako mwema?"

Sikuwa na jibu. Tulilelewa hivyo. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa akituambia sisi vijana kwamba sisi hapa ni wachache, ni wageni hata tungezaliwa hapa, siasa tuwaachie wenyewe. Na ukibisha unaambiwa Mwalimu alisema dini na siasa zisichanganywe.

Jamani, tumsome Mwalimu vizuri. Katika Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, mwaka 1993, aliogopa udini kweli kweli, yaani mtu kutafuta cheo kwa msahafu au kwa msalaba. Hilo ni jambo moja. Lakini mwaka 1970, alipozungumza na masista wa Maryknoll kule New York, aliitaka Kanisa isimame na wanyonge dhidi ya mifumo inayowafanya maskini. Na Katiba ya 1977, ibara ya 19, inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Haimwambii muumini afunge mdomo. Haya wanaotunyamazisha wanayaruka.

Rudi kwenye Matendo, sura ya 16, pale Filipi. Paulo na Sila wamechapwa bakora hadharani bila hukumu, wakatiwa gerezani. Asubuhi wakubwa wanatuma watu: waacheni waende zao. Paulo anakataa kutoka. Sisi ni raia, wametupiga mbele ya watu, sasa wanataka kututoa kwa siri? Waje wenyewe! Nilipofika hapo katika utenzi nilisimama nikatembea chumbani. Paulo hadai mji wa Wakristo, wala hagombei kiti. Anadai sheria ya mji iwe sheria, na hata Mfilipi asiyemjua Kristo inamfaa.

Wako waliofanya hivyo karibu na kwetu. Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, aliandika kijitabu mwaka 1920 kupinga kazi ya shuruti Kenya, wakati maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda walikuwa tayari kuikubali kwa masharti. Nayo si kazi iliyomnufaisha Mwanglikana peke yake.

Ndiyo maana nina wasiwasi na nyaraka za siku hizi. KKKT wakati wa Pasaka 2018, TEC Agosti 2023 kuhusu mkataba wa bandari: ujasiri upo, sibishi. Ila mtu wa barza ya Wete anasikiliza huku akijiuliza kama wangesema vile vile kwa ajili yake. Waraka usiompa jibu mtu huyo haujamaliza kazi, hata ukiwa na saini za maaskofu wote.

Na tenzi za Mwalimu? Kasoro yake kubwa naiona kwenye sauti. Anamsimulia Paulo kwa upendo, kwa heshima, lakini sikusikia hata mahali pamoja mtawala mstaafu akijiuliza kuhusu jela zake mwenyewe. Labda utenzi wa maandiko haukumruhusu. Mshairi wa kweli angeupenyeza kwenye utangulizi, au kwenye beti za kufungia, ambazo jadi inampa mtunzi azisemee nafsi yake.

Ile sura nimeichana. Katika rasimu mpya karani amesikia mtu anagonga mlango wa nyuma, anaita kwa jina lake, "Bwana karani, nifungulie, kaka." Ameshaondoa komeo moja. Limebaki la chini.