Kidole Kinavyosoma Kombe la Tanganyika

Kabla Chuo Kikuu cha Yale hakijampokea Geerat Vermeij kwa masomo ya uzamivu mwaka 1968, mtaalamu mmoja wa makumbusho ya chuo hicho alimpeleka kwenye hazina ya makombe, akamtia moja mkononi na kumwuliza ni nini. Vermeij haoni kabisa tangu akiwa na umri wa miaka mitatu. Aliligeuzageuza, akasema ni Harpa. Akapewa la pili. Oliva, akajibu, tena akathubutu kutaja na spishi. Mashaka ya wakubwa yakapungua, akapata nafasi. Alihitimu mwaka 1971, akaja kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, na mwaka 1992 alipewa tuzo ya MacArthur.

Kisa hiki husimuliwa kama muujiza, na hapo ndipo kinapoharibika, maana muujiza haufundishiki. Alichokifanya Vermeij ni kazi ya mkono yenye utaratibu wake, na utaratibu huo unaweza kufuatwa na mtu wa Pito, hapa Ufipa, ambaye presha ya macho au mtoto wa jicho imemwondolea nuru, lakini hamu ya kukusanya vitu vizuri haijamtoka. Mali ghafi hatuna shida nayo. Sisi wa Ufipa tumekaa zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko bondeni, kwenye mita 770 na ushei, limelala Ziwa Tanganyika. Ukipita Matai ukashuka hadi Kasanga, umefika kwenye fukwe zenye makombe ambayo hayapatikani katika ziwa lingine lolote duniani.

Nianze na chanzo cha ukusanyaji wa Vermeij, kwa sababu wengi hukosea hapo. Alizaliwa Uholanzi mwaka 1946, na utotoni alizoea makombe ya pwani ya kwao, yenye uso wa chokaachokaa. Familia ilihamia New Jersey mwaka 1955. Huko mwalimu wake wa darasa la nne alipanga dirishani makombe aliyotoka nayo Florida. Mtoto akayapapasa: yamenakshiwa, yameng'arishwa. Kwa nini ya bahari ya joto yawe hivi na ya bahari ya baridi yawe vile? Swali hilo lilimkaa, naye akakusanya ili alijibu. Mwenye swali hujua cha kutafuta kwa kidole. Asiye na swali hujaza makopo tu, hata kama macho yake ni mazima.

Sasa mkono wenyewe. Kiganja hutangulia: ukubwa, uzito, unene wa ukuta. Kisha kombe husimamishwa, ncha juu na mdomo ukimwelekea mshikaji. Mdomo uko kulia au kushoto? Konokono walio wengi huwa na mdomo kulia. Bulinus, anayebeba vijidudu vya kichocho cha mkojo, ana mdomo kushoto, na kombe lake ni dogo na jembamba. Biomphalaria, anayebeba kichocho cha tumbo, hana ncha ya kusimamisha, amejiviringa bapa. Tofauti hizo kidole huzishika mara moja, na zina faida hata kwa mtu asiyejali makombe, kwa kuwa zinamwambia mtoto wake anaogelea katika maji ya aina gani.

Baada ya hapo zamu ni ya ukucha, na kwa vitu vidogo mno, sindano. Ncha ya kidole ni pana. Huona tuta lakini mfereji mwembamba huupita juu. Ukucha huingia mferejini na kuhesabu. Kombe la Lavigeria nassa, ambalo ni la Tanganyika tu, lina mbavu za wima zinazokatizwa na nyuzi za mzunguko, na kila zinapokutana kuna kinundu. Spekia zonata ni fupi, nene, laini, lenye mdomo mpana uliozoea kung'ang'ania mwamba. Neothauma ni kubwa kuliko yote ya konokono ziwani, lina tumbo la duara, na yakishakuwa matupu samaki wadogo huyafanya nyumba. Tiphobia lina miiba na ukuta mwembamba. Ukilishika bila kulitarajia linavunjika, kwa hiyo halifai kwa anayeanza. Kwa upande wa makombe ya pande mbili, Pleiodon spekii hujitambulisha kwenye bawaba, palipojaa meno madogo mengi kama ya kitana.

Lakini jambo ambalo mkono huliweza kuliko jicho ni kovu. Konokono hukuza nyumba yake kwa kuongeza ukingo wa mdomo. Kaa akija akabana ukingo huo na kuuvunja bila kumfikia mwenyewe ndani, konokono hurudi nyuma, hupona, huanza kujenga upya kutoka pale palipovunjika. Hubaki mstari uliopinda ovyo, ukikatiza mbavu zilizopangika. Kwa macho, rangi na mng'ao huweza kuuficha. Ukucha ukiteleza kando ya mbavu hujikwaa hapo. Vermeij alizifanya alama za namna hiyo kuwa ushahidi: kombe lenye kovu ni la mnyama aliyeshambuliwa akaokoka. Alilinganisha sehemu na sehemu, zama na zama, akajenga hoja kwamba wawindaji na wawindwa wamekuwa wakisukumana kwa mamilioni ya miaka, mmoja akinenepesha gando, mwingine akinenepesha ukuta. Kitabu chake kikuu juu ya hoja hiyo kilitoka mwaka 1987.

Na Tanganyika imo katika hoja hiyo. Mwaka 1978 Vermeij na Alan Covich walichapisha makala kuhusu konokono wa maji baridi na wanaowala, na ziwa letu ni miongoni mwa mifano, kwa kuwa makombe yake ni mazito na yenye nakshi kiasi kwamba mtu hudhani yametoka baharini. Watafiti waliofuata waliwachunguza kaa wa humu wakakuta wana magando makubwa ya kupondea. Basi ukiokota Lavigeria Kasanga ukahisi mstari uliojikunja mgongoni mwake, umeshika habari ya ugomvi ulioishia kwa suluhu.

Kinyume cha Vermeij ni mpelelezi John Hanning Speke. Februari 1858 yeye na mpelelezi mwenzake Burton walilifikia ziwa hili, na wakati wenzake wakilishangilia, Speke alikuwa hawezi kuliona sawasawa kwa ugonjwa wa macho. Mwezi uliofuata alivuka ziwa kwenda kumtafuta Sheikh Hamed bin Sulayyim amkodishe jahazi. Makombe aliyotoka nayo Tanganyika yalifika London, na mwaka 1859 mtaalamu wa makombe S. P. Woodward akatangaza spishi nne mpya, mojawapo ikiwa na jina la Speke na nyingine la Burton. Speke aliokota, aliyetambua ni mwingine, mbali, mezani. Uoni wake ulipopungua hakuwa na njia nyingine ya kusoma alichokishika. Tofauti ya watu hawa wawili, kwa maoni yangu, ni mafunzo ya mkono na kumbukumbu iliyoandikwa.

Kumbukumbu ndiyo nusu ya pili ya kazi, na ndiyo inayowashinda wengi. Vermeij huandika kwa nukta nundu: madokezo, muhtasari wa makala anazosomewa, maelezo ya makombe. Kwa Pito, ningeanza na trei ya mayai. Ina vishimo 30, safu 5 kwa 6, na Neothauma hukaa kishimoni bila kubanwa. Kata pembe moja ya trei ili mkono ujue pa kuanzia kuhesabu; hapo kila kombe lina anwani, safu ya tatu shimo la nne. Nukta nundu kwenye karatasi nyepesi hulala haraka, heri kipande bapa cha plastiki ya chupa. Asiyejua nukta nundu afunge uzi wenye mafundo kwenye kila trei na arekodi maelezo kwa sauti kwenye simu: namba ya trei, anwani, ufukwe, tarehe, nani aliokota. Kombe lisilo na mahali pake ni pambo tu.

Si kila mkono utaweza. Kisukari kinachopofusha macho huweza kutia ganzi vidole vilevile, na mtu wa namna hiyo atahitaji makombe makubwa yenye mbavu nene. Mikono ya jembe ina sugu. Tumia pembeni mwa kidole au midomo yako. Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu vidole hufa kwa baridi, basi kazi isubiri jua. Na usiingie majini kupapasa: kichocho kipo na mamba wapo. Okota matupu ufukweni, nje ya hifadhi kama Gombe na Mahale, ambako hairuhusiwi kuondoka na kitu.

Ndugu mnaoshuka Kasanga, Kirando na Kipili kufuata migebuka na dagaa: mkiombwa makombe na jamaa asiyeona, msiyachanganye ya fukwe tofauti kwenye mfuko mmoja, na tajeni jina la ufukwe kwenye simu papo hapo kabla hamjapanda gari.